Unashuka ziwani na mtoto mchanga? Begi lipangwe upya

Sumbawanga. Juni ikiingia, mtoto mchanga wa Mazwi huvalishwa mpaka yanabaki macho tu. Sweta, kofia ya kufuma, soksi mbili, blanketi zito, na juu ya vyote kitenge cha mama. Hakuna wa kumlaumu mama huyo, maana asubuhi za hapa tunazijua.

Shida huanza pale mavazi hayohayo yanapojaza begi la safari ya kwanza ya mtoto. Kwa familia nyingi za hapa mjini, likizo si hoteli. Ni kushuka Kasanga au Kipili, mtoto aonwe na bibi, watu wale migebuka, na wenye gari wapitie Kalambo kuona maporomoko ya zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia. Wengine huteremka upande wa pili, Lyamba lya Mfipa, kwenda bonde la Ziwa Rukwa. Popote utakaposhukia, baridi unaiacha nyuma.

Sumbawanga iko takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi. Kwa safari ya saa chache, mtoto ameshuka kilomita nzima kwenda chini, na huko chini kinachomsubiri ni joto na mbu.

Vimelea vya malaria huhitaji joto ili vikomae ndani ya mbu. Hali ya hewa ikiwa chini ya nyuzijoto 18 hivi, ukuaji wake hudorora kiasi kwamba mbu wengi hufa kabla hawajaweza kuambukiza. Ndiyo maana Ufipa ya juu ina malaria kidogo kuliko mwambao, ingawa haijawahi kuwa sifuri. Lakini nafuu hiyo ina gharama yake. Mtu aliyekulia ziwani na kuugua mara kadhaa hujenga kinga ya kiasi fulani, na mama wa huko humwachia mtoto sehemu yake kwa miezi ya mwanzo. Mama aliyekulia juu hana kinga kubwa ya kumwachia mwanawe. Kwa hiyo binamu zake wa Kasanga wanaocheza uani saa mbili usiku wasiwe kipimo chako.

Basi kitu cha kwanza begini kiwe chandarua chenye dawa. Usitegemee cha nyumba ya wageni wala cha kwa bibi. Huwezi kujua kina matundu mangapi mpaka usiku uingie. Mama hupewa chandarua bure kwenye hudhurio la kwanza la kliniki ya ujauzito, na mtoto hupewa chake anapochanjwa surua akiwa na miezi 9. Kama chako bado kiko ndani ya pakiti kabatini, au kimekwenda kulinda bustani ya mchicha, sasa ndiyo saa yake. Kipya kitundike kivulini kwa siku nzima kabla ya kukitumia. Weka pia kamba na misumari minne. Vitu hivi vidogo ndivyo husahaulika, halafu chandarua kizima kinageuka mto wa kulalia.

Saa ngumu ni ile ya jioni, watu wameketi nje, samaki yuko jikoni, mtoto anapita mikono ya shangazi mmoja hadi mwingine. Mvalishe nguo nyepesi ya mikono mirefu na suruali jua linapozama, kisha aingie ndani ya chandarua mapema. Dawa za kupaka za kufukuza mbu zenye DEET hazifai mtoto wa chini ya miezi miwili, na kwa aliyezidi hapo usipake viganjani, kwa sababu vidole vitaishia mdomoni.

Kuhusu nguo, chukua nyepesi nyingi za pamba na sweta moja tu la kuondokea na kurudia. Ukiwa kwenye basi, ukishapita Matai na barabara ikaanza kuteremka, anza kumvua kidogokidogo. Mguse shingoni kwa nyuma au kifuani. Viganja na nyayo hudanganya, huwa baridi hata mwili ukiwa moto. Usimfunike uso kwa kitenge eti alale vizuri. Na kama mnapanda gari dogo, mkanda mmoja usiwafunge mama na mtoto pamoja; gari likifunga breki ghafla, uzito wa mama wote humwangukia mtoto.

Sasa maji, ambayo huleta mzozo kuliko mbu. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hahitaji maji hata ziwani, hata mchana wa jua kali. Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe ya kutosha. Bibi atashika kikombe na kijiko, kwa upendo kabisa. Kumkatalia mama mkwe mbele ya watu si rahisi, kwa hiyo ningeshauri baba azungumze naye mapema, ikibidi kwa simu kabla ya safari. Akiambiwa na mwanawe kwamba nesi ndiye aliyekataza, mara nyingi yataisha.

Aliyezidi miezi 6 beba unga wake wa ulezi, si uji uliopikwa. Uji unaoshinda kwenye chupa ya chai tangu alfajiri unakuwa vuguvugu, na vuguvugu ndiyo vijidudu hupenda. Pika kidogo, mlishe kwa kikombe na kijiko, maana chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafisha safarini. Maji yake ya kunywa yachemshwe.

Kuoga je? Ziwa linavutia, lakini mwambao wa Tanganyika una kichocho, na ngozi ya mtoto haina namna ya kukizuia. Mwogeshe kwenye beseni kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, au yaliyotekwa na kukaa siku mbili.

Kwenye mfuko wa dawa weka kipimajoto na pakiti za ORS. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, kwa kuwa ukikosea kipimo hautamsaidia. Dawa mseto iliyobaki kwa kaka yake iache nyumbani. Malaria hupimwa kwanza, na dozi hufuata uzito. Kadi ya kliniki isibaki kabatini kwa kuogopa kupotea. Ipige picha kwa simu, halafu ibebe. Bila kadi, mhudumu wa zahanati ya Kasanga hana namna ya kujua chanjo za wiki 6, 10 na 14 zimeishia wapi.

Lakini hatari kubwa huja mkisharudi. Malaria haijitokezi siku ya kuumwa na mbu. Kwa kawaida huchukua siku 7 au zaidi, mara nyingi wiki mbili hivi, na wakati mwingine hupita mwezi. Begi limeshafuliwa, sweta limerudi mwilini, mtoto anachemka, na kila mtu nyumbani anasema ni mafua ya baridi ya Juni. Mfikishe kituoni siku hiyohiyo, na kabla hujaulizwa chochote mwambie mhudumu mlikuwa ziwani na mmerudi lini, ili apimwe malaria. Akiwa na chini ya miezi mitatu, joto likifika nyuzi 38 usimpe kitu chochote nyumbani kusubiri asubuhi. Ondokeni naye usiku uleule.