Picha ya kaburi la Mjerumani kwenye WhatsApp: Kabla hujachukua jembe, soma msalaba

Picha yenyewe mara nyingi imefifia na kugeuka rangi ya kahawia. Msalaba wa mbao au wa jiwe, mti mkubwa nyuma yake, pengine watu wawili watatu wamesimama pembeni. Inatoka kundi moja la WhatsApp kwenda jingine na maelezo yale yale: hii ni alama ya mali ya Mjerumani, anayejua kuisoma anitafute.

Wanaoamini huchukua majembe. Wanachokuta ni mifupa.

Msalaba ule uliwekwa kwa sababu kuna mtu chini yake. Mara nyingi ana jina, na huenda kwao Ujerumani kuna wajukuu na vitukuu ambao hawajawahi kujua alizikwa wapi. Kufukua kaburi bila kibali ni kosa la jinai, hilo linajulikana. Kisichojulikana sana ni kwamba picha hiyo hiyo inaweza kukueleza mengi ukiwa umekaa nyumbani na simu yako.

Anza na herufi

Kama una picha halisi mkononi, iweke karibu na dirisha, zima flashi, na uipige ukiwa umeiinamisha kidogo ili mwanga upite juu ya maandishi. Piga na upande wa nyuma. Kule ndiko watu waliandika kwa penseli jina la mahali, na neno Feldpost likiwepo, ujue ilipita kwenye posta ya jeshi.

Usiipitishe kwenye programu za akili mnemba zinazong'arisha picha. Zile hazisomi herufi iliyofutika, zinabuni nyingine. Ukitoka hapo unatafuta mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Na kama maandishi yanaonekana kinyume, si fumbo la hazina: picha imechapwa upande usio wake, igeuze tu.

Maneno ya Kijerumani kwenye makaburi ni machache na yanajirudia. "Hier ruht" maana yake hapa amepumzika. "Gef." ni kifupi cha gefallen, yaani aliuawa vitani. "Gest." ni gestorben, alifariki, na huku kwetu mara nyingi ilikuwa malaria, kuhara damu au homa nyingine. Tofauti ya herufi mbili hizo inakuambia utafute uwanja wa mapigano au hospitali. Nyota ndogo mbele ya tarehe ni siku ya kuzaliwa, msalaba mdogo ni siku ya kufa. Kuna vyeo pia: Gefr., Uffz., Ltn., Hptm., huyo wa mwisho akiwa kapteni.

Sasa tuseme umefanikiwa kusoma "Hptm. v. Prince, gef. 4.11.14". Wajerumani huanza na siku, kisha mwezi, kwa hiyo ni tarehe 4 Novemba 1914. Siku hiyo Waingereza na wanajeshi wao kutoka India walikuwa wakipigana kuingia Tanga, wakashindwa. Na Tom von Prince, yule aliyepigana na Mkwawa na ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani, aliuawa hapo hapo Tanga. Mstari mmoja umekupa mtu, mji na vita.

Si mara zote itakuwa rahisi hivyo. Lakini hata tarehe peke yake inasaidia. 11.7.15 ni siku meli ya kivita Königsberg ilipomalizwa kwenye delta ya Rufiji, na waliokufa waliwekewa kibao chenye majina yao karibu na makaburi. 18.1.15 au 19.1.15 inakupeleka Jasini, karibu na mpaka wa Kenya. Katikati ya Oktoba 1917 ni Mahiwa, Lindi. Usishangae pia kuona tarehe ya baada ya 11 Novemba 1918, siku ambayo vita ilisimama Ulaya. Kikosi cha Lettow-Vorbeck kilisalimu amri tarehe 25 mwezi huo, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia.

Jina la mahali ambalo halipo kwenye ramani

Hapa wengi hupotea. Nyuma ya picha kumeandikwa Neu-Langenburg, mtu anatafuta Ujerumani nzima, kumbe ni Tukuyu. Wilhelmstal ni Lushoto. Bismarckburg ni Kasanga, kule Ziwa Tanganyika. Muansa ni Mwanza, imeandikwa tu kwa masikio ya Kijerumani. D.O.A. ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Neno "Afrika" peke yake linadanganya zaidi. Kama kuna mchanga mtupu, kofia ya chuma juu ya msalaba na mwaka 1941 au 1942, hiyo si Tanganyika. Ni Libya, Misri au Tunisia, kwenye Vita ya Pili ya Dunia. Huku kwetu jeshi la Ujerumani halikupigana vita hiyo. Wajerumani waliokuwa Tanganyika mwaka 1939 walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Vilevile ukiona nishani ya msalaba wa chuma imechorwa kaburini, tazama katikati yake: ya vita ya kwanza ina herufi W, taji na mwaka 1914, ya vita ya pili ina swastika na mwaka 1939.

Na kuna makaburi ya zamani kuliko yote hayo. Kwenye makaburi ya Wajerumani kule Bagamoyo wapo waliokufa kwenye vita ya Abushiri ya 1888 na 1889. Mitandaoni yanaitwa ya Vita ya Kwanza karibu kila siku.

Makaburi huhama

Umepata jina, umepata mahali, umeenda, hakuna kitu. Hilo hutokea sana, na wala si lazima iwe kazi ya wezi.

Ubelgiji, Wajerumani waliacha makaburi madogo madogo kila kona baada ya 1918. Miaka ya 1950 mengi yalikusanywa kwenye maeneo machache, yakiwemo Langemark na Vladslo. Langemark sasa kuna zaidi ya watu 44,000. Kwa hiyo picha ya 1917 ya misalaba nyuma ya kanisa la kijiji inaonyesha mahali ambapo leo huenda ni shamba la viazi. Hata sanamu zilihama: wazazi wawili waliopiga magoti, waliochongwa na Käthe Kollwitz kwa ajili ya mwanawe Peter aliyeuawa Oktoba 1914, wako Vladslo, lakini mwaka 1932 waliwekwa kwanza Roggevelde.

Dar es Salaam hadithi ni hiyo hiyo. Mwaka 1968 makaburi ya vita ya Ocean Road yalihamishwa kupisha barabara, yakapelekwa kwenye makaburi mapya ya Barabara ya Bagamoyo. Miaka ya mwanzo ya 1970 yakaletwa mengine kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania. Mengi ni ya upande wa Waingereza, ila ya Wajerumani nayo yamo. Picha ya kaburi karibu na bahari Dar inaweza kuwa ya kweli kabisa, na mwenye kaburi akawa amelala kilomita kadhaa kutoka hapo.

Ukishakuwa na jina, shirika la Volksbund la Ujerumani, lililoanzishwa 1919, lina sehemu ya kutafuta kwenye tovuti yake, bure. Linatunza makaburi ya vita zaidi ya 830 katika nchi 46. Kwa kulinganisha mandhari, maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni hazina ya picha za enzi za ukoloni, nyingi za Tanganyika. Unaangalia mlima, mnara wa kanisa, umbo la boma.

Wanaosimama pembeni

Rudi kwenye wale watu wawili watatu kwenye picha. Kofia yenye kitambaa kinachoning'inia kisogoni ni ya askari wa jeshi la Kijerumani, na hao walikuwa Waafrika. Ndio waliokuwa wengi kwenye kila kikosi, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo na kufa kwa njaa na maradhi pande zote mbili za vita. Kwenye misalaba ya picha hizi majina yao huwezi kuyakuta kirahisi. Makaburi yao ya Ocean Road hayakuwa na alama ya mtu mmoja mmoja, ndiyo maana yalipohamishwa mabaki yao yalizikwa upya kwa pamoja.

Kwa hiyo kama picha ilitoka kwenye sanduku la babu, ulizia kwanza aliyesimama pembeni ni nani. Mzee anayekumbuka jina lake anaweza kuwa bado yupo kijijini, na jina hilo hutalikuta kwenye tovuti ya Volksbund.