Mlima Kenya: mtoto hatakumbuka kimo

Mzazi anayepanga kuwapeleka watoto kupiga kambi Mlima Kenya kupitia upande wa Timau huuliza kwanza watafika wapi. Majibu yapo: lango la Sirimon, kati ya Timau na Nanyuki, liko mita 2,650 juu ya usawa wa bahari, kambi ya Old Moses iko mita 3,300, ya Shipton mita 4,200 na ushei, na kilele cha Lenana, ambacho hakihitaji kamba, kiko mita 4,985. Swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Ikiwa nia ni mtoto aje kuikumbuka safari hiyo atakapokuwa mtu mzima, sayansi ya ubongo inatuelekeza kwingine. Kimo hakiongezi kitu, na kinaweza kupunguza. Kinachoihifadhi safari ni usingizi, harufu na, zaidi ya vyote, mazungumzo ya familia baada ya kurudi nyumbani.

Watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Si kwamba mtoto mdogo hana kumbukumbu, kwani hata wa miaka miwili na nusu anaweza kukueleza jambo la mwezi uliopita. Tatizo ni kulihifadhi. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayounganisha mahali, wakati na watu kuwa tukio moja, bado inajengwa, na utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa seli mpya za neva, ambazo huzaliwa kwa wingi utotoni, huchangia kufuta kumbukumbu zilizotangulia. Mwaka huohuo Patricia Bauer na Marina Larkina wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitoa matokeo kuhusu watoto waliorekodiwa wakiwa na miaka mitatu wakizungumza na wazazi juu ya mambo waliyoyapitia. Walioulizwa tena wakiwa na miaka mitano hadi saba walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya mambo hayo. Walioulizwa wakiwa na minane au tisa, chini ya asilimia 40. Ina maana kwamba usahaulifu mkubwa humkuta mtoto akiwa tayari shuleni, na haumwathiri kila mtoto sawa. Wale ambao mama zao waliwaachia nafasi ya kusimulia wenyewe, kwa maswali ya namna ya "ikawaje?", walibaki na mengi zaidi. Huko New Zealand, watafiti walikuta kumbukumbu ya kwanza ya Wamaori ni ya umri wa miezi 33 hivi kwa wastani, na ya wenzao wenye asili ya Ulaya ni ya miezi 43. Tofauti hiyo wanaihusisha na uzito ambao Wamaori huyapa masimulizi ya ukoo. Msomaji wa Meru au Embu aliyekuzwa kwa hadithi za nyanya hana sababu ya kushangaa.

Harufu nayo ina njia fupi: taarifa zake huingia karibu moja kwa moja katika sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Wazee waliochunguzwa Sweden walikuwa na kumbukumbu za miaka kumi ya kwanza ya maisha hasa pale walipochochewa kwa harufu, kuliko kwa maneno au picha. Basi mitarakwa iliyolowa na udongo wa msituni vinapatikana pale langoni Sirimon, au chini zaidi katika msitu wa Ngare Ndare. Kule Shipton kuna mawe, lobelia na baridi. Usingizi pia, ambao ndio wakati ubongo hupanga na kuimarisha mambo ya mchana, huvurugika juu kwa sababu pumzi hukatikakatika. Kule Lenana kila pumzi hubeba oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya Mombasa. Wataalamu hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni karibu 900. Na mtoto mdogo hasemi kichwa kinamuuma. Hukataa chakula, hununa, huacha kucheza, na mzazi hudhani amechoka.

Kuna watakaosema kumbukumbu inayojengwa kwa mazungumzo yaweza kuwa ya uongo. Ni kweli: katika jaribio la mwanasaikolojia Elizabeth Loftus la mwaka 1995, watu 6 kati ya 24 walikubali, chote au kwa sehemu, kisa cha kubuni kwamba waliwahi kupotea dukani utotoni. Lakini kisa hicho walipewa kikiwa tayari kimetungwa. Dawa ni kumuuliza mtoto na kumsikiliza, si kumsimulia. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kama wa miaka miwili atasahau yote, kwa nini kumpeleka? Kwa ajili ya kumbukumbu pekee, sioni sababu. Asubiri afike mitano. Na kijana anayekitamani kilele? Apande, mradi aongezewe siku za kuzoea hewa, hata kama zinaongeza gharama.

Kwa wanaojiandaa kwa likizo ya Agosti, jiko la makaa lisiingie hemani hata kwa dakika chache, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu usingizini. Na mtoto akianza kutapika, kuyumba anapotembea au kupumua kwa shida akiwa ametulia, teremka naye saa hiyohiyo, usingoje kupambazuke.