Mlango Usio na Namba

Kwetu pwani, mgeni akipotea mtaani humtaja mtu: kwa bwana fulani, mlango wa pili kutoka msikitini. Mtoto humshika mkono akampeleka. Jina la mtu ndilo anwani, maana watu hukaa nyumba moja vizazi kwa vizazi.

Sasa tupande bara, tufike Nchiru, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua. Hapo chuo kilianza mwaka 2008, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Walipokuja wanafunzi, na ploti za vyumba vya kupanga zilikuja. Mpangaji hukaa muhula, hukaa mwaka, kisha huyo, kahama. Jirani hata jina lake hakulijua. Barua nayo haifiki mlangoni, huishia kwenye sanduku la posta.

Kuuliza si ujinga, ndugu msomaji. Lakini mtu akishikwa na maradhi saa nane za usiku, na milango kumi na miwili yote ni ya rangi moja, dereva wa teksi atamuuliza nani?

Dawa yake si ghali: kopo la rangi na mpango. Tuchukue nyumba ya chini na juu, kila upande vyumba sita. Vya chini viwe 101 hadi 106, vya juu 201 hadi 206, hesabu ikianzia langoni. Aambiwaye 204 ajua mara moja: apande ngazi, ahesabu mlango wa nne. Mwenye nyumba akiongeza chumba mwishoni, kitakuwa 107, wala vya zamani havitaguswa. Akikigawa 103, viwe 103A na 103B.

Namba hiyo hiyo iandikwe katika mkataba, katika stakabadhi ya kodi, na juu ya mita ya umeme. Zikipingana, mtu atalipia taa za jirani huku yeye yuko gizani, na ugomvi utazuka.

Tanzania, kabla ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba. Lakini mwenye ploti hana haja ya kungoja serikali.

Mpangaji alipaye kodi ana haki ya mlango ambao mamake, akisafiri kuja kumtazama, ataupigia hodi bila ya kuwasumbua kwanza wapangaji kumi na mmoja.