Uso hauna spea!

Jamani, Julai ya Kintinku si mchezo! Nilishuka nikitokea Dar, siku ya pili tu upepo mkavu ulishanipausha miguu, midomo imepasuka. Nami mtoto wa mjini nikajipaka usoni krimu niliyoinunua barabarani, haina hata lebo. Usiku uso ukawaka kama pilipili!

Shangazi akaninawisha, akacheka: "We mwanangu, mkoa mzima wa Singida umejaa alizeti, unahangaika na nini?"

Uso ulipopoa nikafuata mafuta yake. Siri ni hii: mafuta hayaleti maji mwilini, yanazuia yaliyopo yasikauke. Basi oga maji ya vuguvugu, jifute kidogo, jipake ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya nazi nayo safi kwa miguu na mikono, ila mwenye chunusi asiyapake usoni, yanaziba vitundu vya ngozi. Kwanza jaribu kidogo mkononi, ngoja siku moja. Yakinuka kuchacha, tupa.

Na hizo krimu zisizo na lebo? Nyingine zina zebaki, sumu ya figo iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Shauri yako!