Hoteli, mkahawa, baa: maneno ya mahali pa kula na kunywa mjini

Mgeni anayefika Dar es Salaam Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili asubuhi ana milo mitano tu mjini. Mmoja ukipotea, hana nafasi ya kuufidia. Simu humwonesha majina na nyota za wateja, lakini mwongozo wa kwanza umeandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Hoteli, mkahawa, baa na kilabu si visawe. Kila neno hudokeza kinachouzwa, saa kinapopatikana na namna mteja anavyohudumiwa. Mfasiri anayeyageuza yote kuwa "mkahawa" humnyima msomaji wake dokezo hilo.

Hoteli [i-/zi-]. Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza, lakini maana yake imepanuka. Nchini Kenya na Tanzania, hoteli yaweza kuwa nyumba ya kulala wageni au nyumba ya chakula isiyo na kitanda hata kimoja. Kitenzi ndicho huondoa utata: "alilala hotelini" na "alikula hotelini" huenda zikawa nyumba mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo mgeni anayeuliza "Hoteli iko wapi?" asishangae kupelekwa kwenye wali na maharage. Anayetaka malazi ya bei nafuu hueleweka upesi zaidi akiuliza gesti au nyumba ya wageni.

Mkahawa [u-/i-]. Nomino hii imeundwa kutokana na kahawa, neno lenye asili ya Kiarabu. Umbo mgahawa husikika sana Tanzania. Yote mawili yanakubalika, ila matini moja ishike umbo moja. Leo mkahawa ni mahali penye meza, chakula kilichopikwa na mhudumu, hata kama kahawa haipo. Kahawa chungu, ile inayomiminwa kutoka kwenye dele na kusindikizwa na kashata, hutafutwa barazani na njiani, kama ilivyo katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mikahawa mingi ya pwani haiuzi pombe, na mchana wa Ramadhani mingi hufungwa. Mgeni wa siku mbili hana budi kulijua hilo kabla ya kupanga safari.

Mama ntilie na mama lishe. La kwanza limetokana na ombi la mteja, "mama, nitilie", yaani nipakulie. La pili limetokana na kitenzi lisha, nalo hupendelewa katika maandishi rasmi kwa kuwa lina heshima zaidi. Jina la kwanza linaeleza utaratibu wenyewe: chakula kimo sufuriani, mteja hutiliwa. Aghalabu hakuna orodha ya vyakula, na swali linalofaa ni "Leo kuna nini?" Jibu hupungua kadiri mchana unavyosonga, mpaka libaki neno moja: "kimekwisha". Anayetaka kuchagua awahi.

Baa. Hapa zipo nomino mbili zenye umbo moja. Baa [li-/ya-] ni janga, kama katika "baa la njaa". Baa [i-/zi-] ni mahali pa kuuzia vileo. Upatanisho wa kisarufi ndio huzitenganisha: anayeandika "baa hili limejaa watu" ametangaza msiba badala ya kusifu burudani. Katika baa nyingi za Tanzania na Kenya nyama choma huuzwa kwa kilo. Mteja huchagua kipande, hupimiwa, kisha husubiri kichomwe. Kwa hiyo si mahali pa kwenda ukiwa na njaa kali na basi la kuwahi.

Kilabu na grosari. Kilabu [ki-/vi-], nchini Tanzania, ni mahali pa pombe ya kienyeji. Kisichanganywe na klabu [i-/zi-] ya mpira. Grosari huwatega wageni zaidi: umbo lake linaashiria duka la vyakula, lakini Tanzania mara nyingi ni baa ndogo ya kunywa bia.

Ugumu huongezeka tafsiri inapoelekea upande wa pili. Chukua mwongozo wa kitalii unaomwelekeza msomaji wa Kiswahili kwenye *pub* ya London. Kamusi humpa mfasiri neno baa, na baa huenda ikaifukuza familia iliyotaka chakula cha mchana. Nyingi za nyumba hizo hupika, na nyingi huruhusu watoto wakiwa na wazazi. Mara nyingi mteja huagiza na kulipa kaunta badala ya kungoja mhudumu mezani, na jiko huweza kufungwa mapema kuliko kaunta ya vinywaji. Hakuna neno moja la Kiswahili linalobeba hayo yote. Suluhisho linalofaa ni kuandika "baa ya Kiingereza inayouza chakula" katika kutajwa kwa kwanza, na kuongeza sentensi moja kuhusu kuagiza kaunta. Baada ya hapo "baa" pekee itatosha.

Kwa mgeni asiyekuwa na mwongozo wowote, Kiswahili kina swali linalopita vibao vyote: "Wenyeji hula wapi?" Kitenzi kikiwa na hu- ya mazoea, anayeulizwa hutaja mahali pa kila siku, hata kama mlangoni hapana kibao.