Mitokondria Zinazobaki Nyuma

Julai 2025 wataalamu wa Newcastle, Uingereza, walitangaza kuzaliwa kwa watoto 8, wanne wa kike na wanne wa kiume, kwa akina mama 7 waliokuwa katika hatari kubwa ya kuwarithisha wanao ugonjwa wa mitokondria. Kila mtoto ana DNA ya watu watatu: baba, mama, na mwanamke aliyechangia yai. Habari ilipotoka, watu wengi wakauliza kwanza mtoto huyo ni wa nani. Nadhani swali hilo limepewa uzito kupita kiasi, huku lililo zito zaidi likiwekwa kando.

Mitokondria ndizo zinazoipatia seli nishati. Zina DNA yake, yenye jeni 37 tu, wakati kiini cha seli kina jeni zipatazo 20,000. Sura, kimo na rangi ya mtoto hutoka kwenye kiini, yaani kwa baba na mama waliomtafuta. Mitokondria tunarithi kwa mama, na zikiwa na kasoro, ubongo, moyo na misuli huumia zaidi kwa sababu hutumia nishati nyingi. Takriban mtoto 1 kati ya 5,000 huzaliwa na ugonjwa wa namna hii, ambao hauna tiba ya kuuponya. Wako wanawake waliozika mtoto baada ya mtoto.

Huko Newcastle, yai la mama na la mchangiaji yote mawili hurutubishwa kwa mbegu za baba. Saa chache baadaye, ndani ya kila yai huonekana viini viwili vichanga, kimoja cha mwanamke na kimoja cha mwanamume, kabla havijaungana. Mtaalamu, jicho likiwa kwenye darubini, huvuta viini vya yai la mama kwa mrija mwembamba wa kioo na kuvihamishia kwenye yai la mchangiaji, ambalo viini vyake vimekwisha kutolewa. Kwa hiyo yai moja lililorutubishwa hupotea. Wanandoa Waislamu wa Jordan, ambao mtoto wao alizaliwa mwaka 2016 kwa msaada wa daktari John Zhang, hawakuikubali njia hiyo. Kwao uhamisho ulifanywa kabla ya yai kurutubishwa.

Njia yoyote itumike, kiini hakitoki kikavu. Huvutwa pamoja na ute kidogo wa yai, na ndani ya ute huo mna mitokondria za mama. Kati ya watoto wa Newcastle, watano hawakukutwa na mitokondria zenye kasoro; watatu walikuwa nazo kwa asilimia 5 hadi 20. Kwa kawaida ugonjwa hujitokeza kiwango kinapokaribia asilimia 80, kwa hiyo hali yao inatia moyo. Lakini katika utafiti uliofanyika Ugiriki, mtoto mmoja kati ya sita alikutwa na mitokondria za mama kwa asilimia 30 hadi 60, ingawa kiinitete chake kilianza na kiasi kidogo mno. Yeye hakudhurika, maana mama yake hakuwa na ugonjwa huo. Wanawake wa utafiti ule walikuwa wakitafuta ujauzito tu.

Hapo ndipo ninapopinga. Mama anayejua kwamba mwanawe anaweza kufa ana sababu ya kukubali hatari hii. Anayehangaika kupata mimba anastahili msaada na huruma, lakini sayansi haijathibitisha kwamba kubadili mitokondria kutamsaidia, na mwanawe atabebeshwa jambo ambalo hata wataalamu bado hawawezi kulitabiri.

Bunge la Uingereza liliruhusu kubadili mitokondria Februari 2015, kwa kura 382 dhidi ya 128 katika Baraza la Makabwela, na kila mgonjwa huombewa kibali chake. Sheria hiyohiyo ilimaliza suala la ukoo: mchangiaji si mzazi. Zhang, kwa kuwa Marekani haikuruhusu, alikwenda kukipandikiza kiinitete cha wale wanandoa wa Jordan huko Mexico, na wazazi hao hawakutaka mtoto aendelee kupimwa bila sababu ya kitabibu. Uamuzi wao naupa heshima, lakini ndivyo elimu inavyopotea. Wale wasichana wanne wa Newcastle watakapozaa, mitokondria zao, za mchangiaji pamoja na masalia yoyote ya mama, zitaingia kwa wajukuu. Kliniki isiyo na mpango wa kuwafuatilia watoto hadi umri huo isipewe kibali.