Sensa Kubwa, Duara Dogo

Ilikuwa sendofu, Iringa mjini. Ukumbi umepambwa bluu na dhahabu, MC ameshaanza kuwaita wajomba. Mwenzangu, mpiga picha ambaye jicho lake nalihusudu, alikuwa na bodi mpya mkononi: fulu fremu isiyo na kioo, ya kwanza maishani mwake, iliyomeza malipo ya harusi za msimu mzima. Mbele yake alikuwa amefunga, kwa adapta, lenzi pana aliyokuwa nayo tangu enzi za kamera ya zamani. Akapiga meza kuu. Akaitazama picha, akanyamaza. Binti, wazazi, keki, wote wamo, lakini pembe nne za picha zilikuwa nyeusi tii, kana kwamba aliyepiga alikuwa anachungulia kisimani.

"Kaka, imeungua?" akauliza kijana wa taa.

Nikamwambia azungushe zumu kutoka 11 hadi 16. Weusi ukasogea pembeni, ukapungua, ukatoweka. Kamera ilikuwa nzima, na lenzi nzima. Zilikuwa tu hazijatengenezwa kwa ajili ya kukutana.

Lenzi haijui mstatili. Vioo vyake ni vya mviringo, na mwanga inaoutupa nyuma yake ni duara. Mstatili tunaouona kwenye picha ni kipande kilichokatwa ndani ya duara hilo na kihisi, au kama wenyewe tunavyosema kazini, sensa. Ili kipande kijae, kipenyo cha duara kisipungue ulalo wa sensa. Sensa ya fulu fremu ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ulalo wake ni milimita 43.3. Sensa ya kropu, yaani ile ndogo zaidi, ambayo kwa Nikon ni milimita 23.5 kwa 15.6, ina ulalo wa milimita 28 hivi. Aliyesanifu lenzi ya kropu alitengeneza duara la kutosha milimita hizo 28 na ziada kidogo, akaishia hapo. Hakuwa na sababu ya kuongeza vioo, uzito na bei kwa ajili ya pembe ambazo hakuna ambaye angeziona. Ukimpa fundi cherehani vipimo vya kitambaa cha meza ya watu wanne, kisha ukaleta meza ya watu kumi, kosa si lake. Kwenye zumu, duara hilo hubadilika kadiri unavyozungusha, ndiyo maana baadhi ya lenzi pana za kropu huijaza fulu fremu zikifika mwisho wa zumu. Tokina ya 11 hadi 16 inajulikana kwa tabia hiyo.

Vipimo hivi vina historia. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, aliichukua filamu ya sinema, akailaza, akaunganisha fremu mbili za milimita 18 kwa 24 kuwa moja. Kamera hiyo, Leica, ilitambulishwa kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925, na 36 kwa 24 ikawa sheria isiyoandikwa ya wapiga picha dunia nzima. Dijitali ilipokuja, sheria ikagongana na bei ya silikoni. Sensa hukatwa kutoka kwenye bamba la duara. Kadiri kila kipande kinavyokuwa kikubwa ndivyo bamba linavyotoa vipande vichache, na kasoro moja ndogo huharibu eneo kubwa zaidi. Kwa hiyo Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na sensa ndogo, na Nikon hawakutoa kamera ya fulu fremu mpaka D3, mwaka 2007. Canon walianzisha lenzi za EF-S, za sensa ndogo pekee, pamoja na EOS 300D mwaka 2003. Ni katika kipindi hicho na baada yake ndipo lenzi za kropu zilipozaliwa kwa wingi, na wengi wetu hapa Nyanda za Juu Kusini, tulioanza na kamera za mtumba, ndizo tulizorithi.

Kuna kichekesho hapa. Lenzi ya milimita 50 iliyolala kabatini tangu mzee alipokuwa na studio ya picha za paspoti, ile unayoidharau kwa sababu ni ya filamu, duara lake linatosha fulu fremu bila shida. Ile ya kropu, ya plastiki, uliyonunua juzi haitoshi.

Neno "sensa" lenyewe linanifurahisha. Kwa Mtanzania wa kawaida sensa ni karani aliyebisha hodi Agosti 2022, tukahesabiwa tukawa milioni 61.7. Sensa ya kamera nayo inahesabu, ila inahesabu mwanga, na kaya zake ni pikseli. Nikon Z6 ina pikseli milioni 24.5. Ukiifunga lenzi ya kropu ya Nikon, ile yenye herufi DX, kamera inaitambua, inakata pembe yenyewe bila kukuuliza, na zinabaki pikseli milioni 10.3. Ni sawa na karani aliyehesabu Mbeya mjini, akaacha Rungwe, Kyela, Mbarali na Chunya, kisha akafunga daftari. Canon nao wanafanya vivyo hivyo: EOS R ya pikseli milioni 30 hushuka hadi karibu milioni 11.6 ikifungiwa EF-S. Sony hukuachia uamuzi, ukate au ukubali weusi. Lenzi ya kampuni nyingine wakati mwingine haijitambulishi kabisa kwa kamera, na hapo ndipo mwenzangu alipochungulia kisimani.

Pikseli milioni 10 ni haba? Inategemea picha inakwenda wapi. Karatasi ya A4 iliyochapwa vizuri, nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji pikseli milioni 8.7. Albamu nyingi za harusi ninazoziona Mwanjelwa, Mbeya, na Miyomboni, Iringa, hazizidi hapo, na picha inayokwenda WhatsApp kwa kawaida hupunguzwa chini ya hapo. Wa bango la barabarani ana hoja. Wa picha za mahafali hana.

Kinachopotea kweli ni mwanga. Fulu fremu ina eneo la milimita za mraba 864. Kipande cha DX ni 367. Lenzi ya f/1.8 inabaki f/1.8 popote uifungapo, mwangaza wa picha hauna tofauti, lakini jumla ya mwanga uliotengeneza picha ni chini ya nusu, na chenga zinaonekana zaidi. Tofauti hiyo ni kama stopu moja na robo. Kwenye ibada ya mkesha, kanisa likiwa na taa mbili za njano na padri akiwa amekataza flashi, stopu moja na robo ndiyo iliyokufanya ukatamani kamera kubwa toka mwanzo. Ukiifungia lenzi za kropu pekee, umelipia shamba la eka mbili na nusu ukalima moja.

Upande wa video habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Picha moja ya 4K ni pikseli milioni 8.3 tu, kwa hiyo kipande cha kropu cha Z6 kinatosha. Na kwa Canon EOS R na EOS RP, kamera zenyewe hukata pembe zikirekodi 4K hata ukifunga lenzi kubwa ya bei mbaya. Kijana wa video mwenye EOS RP na EF-S ya zamani hapungukiwi kitu kwenye 4K. Asikubali kuchekwa.

Twende Ruaha, maana huko ndiko hesabu inapogeuka kabisa. Hifadhi hii, magharibi mwa Iringa, ni kati ya mahali pachache unapoweza kuwaona tandala mkubwa na tandala mdogo katika safari moja, na wote wawili hawapendi kusogelewa. Tuseme una lenzi ya kropu ya milimita 300. Ukiifunga kwenye Nikon D7200 ya zamani, unapata pikseli milioni 24.2 ndani ya eneo fulani la porini. Ukiifunga kwenye Z6 mpya, eneo ni lilelile na tandala ni yuleyule, lakini pikseli ni milioni 10.3. Bodi ya bei kubwa imekupa maelezo machache zaidi ya manyoya. Ili Z6 irudishe pengo hilo inahitaji lenzi ya milimita 450, na lenzi hiyo haiingii kwenye begi wala kwenye bajeti. Z7, yenye pikseli milioni 45.7, hubakiwa na 19.5 ikikatwa, nayo inakaribia. Kwa hiyo bodi ya zamani usiiuze mapema. Kazi yake ni porini.

Na pikseli juu ya mnyama si suala la urembo tu. Mwaka 2003 watafiti wa Wildlife Conservation Society wakiongozwa na Tim Davenport walimwona msituni Rungwe nyani ambaye Wanyakyusa walishamwita kipunji, lakini hakuwemo kwenye vitabu vya sayansi. Mwaka uliofuata Trevor Jones alimwona kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Kilolo, mkoani Iringa. Mbeya na Iringa zikawa na nyani mmoja bila kujua. Makundi hayo mawili yakaungana kumtangaza kwenye jarida la Science mwaka 2005, na badala ya ngozi na fuvu, kielelezo cha spishi mpya kikawa picha. Wanasayansi wengine walibisha: je, picha inatosha? Mwili ulipatikana baadaye, wa kipunji aliyenaswa kwenye mtego shambani huko Rungwe, na vipimo vyake vikamfanya apewe jenasi yake mwenyewe mwaka 2006, Rungwecebus. Lakini kwa muda ule wa katikati, mnyama huyo alikuwepo kisayansi kwa sababu mtu alikuwa na lenzi ndefu ya kutosha.

Sasa adapta. Watu huiogopa wakidhani inaharibu ukali wa picha. Kamera ya zamani ilikuwa na kioo cha kujitazamia kati ya lenzi na sensa, kikipanda na kushuka kila unapobonyeza, nacho kilihitaji nafasi: kwa Nikon F milimita 46.5, kwa Canon EF milimita 44. Kioo kilipoondolewa, lenzi zikasogezwa karibu, milimita 16 kwa Nikon Z na 20 kwa Canon RF. Adapta inarudisha nafasi iliyotoweka, milimita 30.5 au 24, pamoja na nyaya za kusalimiana. Ndani yake kuna hewa. Ndiyo maana Canon EF-S, ambazo hazikuruhusiwa kabisa kufungwa kwenye fulu fremu za zamani kwa kuwa zingeweza kugongana na kioo, sasa zinafungika: wa kugongana naye hayupo.

Mtego uko kwingine. Lenzi za Nikon za AF-D, kama ile 50 f/1.8D inayopatikana kwa bei ya chini mtandaoni, hazina mota ndani. Zilitegemea mota ya bodi. Adapta ya Nikon, FTZ, haina mota. Picha zitatoka, ila utazungusha fokasi kwa mkono, na maarusi wanaoingia ukumbini wakicheza hawatakusubiri. Tafuta yenye herufi AF-S.

Jambo la mwisho ni la huku kwetu hasa. Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa ule unaofunika Uyole asubuhi na kwa ule unaoota kwenye mkate. Lenzi inaweza kupata wa kwanza ukiitoa kwenye baridi ukaingia ukumbini, nao hukauka. Wa pili haukauki. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na lenzi iliyokaa miaka kwenye begi la ngozi nyumba ya huko mara nyingi ina nyuzi nyeupe kama utando wa buibui katikati ya vioo. Kabla ya kulipa, washa tochi ya simu, ipitishe upande mmoja, uangalie upande wa pili. Ukiona nyuzi, mwachie muuzaji.

Wanaoniuliza huwa nawajibu hivi: pamoja na bodi ya fulu fremu nunua lenzi moja tu ya fulu fremu, ya milimita 50 f/1.8, ifanye kazi za gizani. Lenzi pana ya kropu ndiyo ya kwanza kubadilishwa, maana juu ya kingo za ziwa Ngozi utataka kila pembe uliyolipia. Ndefu ibaki. Mwenzangu wa sendofu bado anaitumia ile yake ya 11 hadi 16, ameiwekea kipande cha gundi kwenye namba 16 isirudi nyuma. Mimi ya 18 hadi 55 nimempa mdogo wangu, na ya 55 hadi 300 naenda nayo Ruaha Agosti, kwenye bodi ya zamani.